Wimbi Zuri Limetoka Juu ya Paa la Nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuzipeleka pepo na kuyakusanya mawingu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, akina mama, akina baba na vijana wetu: leo twataka kuzungumza juu ya bahari, ijapokuwa mazungumzo yenyewe yalianzia mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei mwaka 2024, katika siku za mwisho za Mfunguo Mosi mwaka 1445. Tulikuwa tumealikwa Kakamega kuwadarisisha akina mama wa huko kwa siku chache. Msomaji wa pwani asidhani kuwa Kakamega ni ugenini kwetu. Mumias, ulio katika kaunti hiyohiyo, ni mji uliopokea misafara ya wafanyabiashara Waswahili katika karne ya 19, na Waislamu wake leo ni wenyeji, si wapita njia. Ila ni safari ndefu. Kutoka Mombasa hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 800, na maji makubwa yaliyo karibu na mji huo ni ya Ziwa Viktoria.

Huko anasoma mpwa wetu, mtoto wa dada yetu wa Malindi, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Siku ya Alhamisi alikuja kutuamkia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akatoa simu yake na kutuonyesha ramani. Palikuwa na gurudumu jeupe la mawingu likizunguka baharini, kaskazini ya Bukini, likielekea pwani ya Tanzania. Macho yake yaling'aa kama ya mtu anayeonyesha mchumba. Akasema, "Mjomba, tazama. Hiki kikikaa hukohuko mbali siku mbili tatu, Malindi kutakuwa na mawimbi ya ajabu. Nami niko huku na mahindi!"

Kwa wale wasioujua mchezo wake, ni huu. Kijana hulala kifudifudi juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono hadi kule mawimbi yanakoinuka, akangoja. Wimbi zuri likimjia kwa nyuma, hulikimbilia, akasimama juu ya ubao, likamteremsha hadi karibu na mchanga. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba unaoyavunja mawimbi mbali na ufuo, lakini mbele ya mji wa Malindi mwamba umekatika kwa sababu ya tope na maji ya Mto Sabaki, kwa hiyo mawimbi hufika ufukweni na nguvu zake. Ndiyo maana vijana wa huko huungoja msimu wa kusi kama mkulima angojavyo masika. Mchezo wenyewe si haramu. Wajenga mwili, wamfundisha mtu subira, na Uislamu haukumkataza kijana kuyajua maji.

Mpwa wetu alitufahamisha jambo ambalo hatukulijua. Mpanda mawimbi hataki kimbunga kimfikie, kwani kikimkaribia upepo huyavuruga maji, na bahari haichezeki. Anachokitaka ni kimbunga kilicho mbali, kivume juu ya bahari kwa siku kadhaa. Upepo ule huyasukuma maji yakawa mawimbi, nayo yakishatoka ndani ya dhoruba husafiri yenyewe mamia ya maili, yakijipanga njiani: yaliyo marefu hutangulia, yaliyo mafupi hubaki nyuma yakafa. Hufika kwenye ufuo ulio mbali, ambako pengine jua linawaka na upepo ni mwanana, yakiwa laini na yenye nafasi kati ya moja na jingine. Kadiri sekunde za nafasi hiyo zinavyokuwa nyingi, ndivyo mpanda mawimbi anavyofurahi. Hizo ndizo sekunde alizokuwa akizihesabu kwenye simu, huku nje ng'ombe wa jirani wakirudi zizini.

Tukamwuliza, "Na huko yanakotoka, chini ya kimbunga kuna nani?"

Akanyamaza kidogo. "Bahari tupu, mjomba," akasema. "Inshallah ni bahari tupu."

Haikuwa tupu. Kimbunga kile kilipewa jina la Hidaya, neno ambalo kwetu Waislamu lina maana ya uongofu. Jumamosi tarehe 4 Mei kilifika Kisiwa cha Mafia. Vyombo vya kuvuka baina ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na mvua zilizofuatana nacho ziliikata barabara ya kwenda Lindi katika Wilaya ya Kilwa. Kwetu Kenya, Idara ya Hali ya Hewa ilitahadharisha juu ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, na serikali ikapiga marufuku uvuvi, kuogelea na shughuli zote za ufukweni. Haya yalitukuta nchi nzima ikiwa imo majini tayari, kwani mvua za masika za mwaka ule zilikuwa zimeua watu wengi, na huko Mai Mahiu familia zilikuwa bado zinawatafuta wapendwa wao matopeni.

Jumamosi hiyo dada yetu alipiga simu kutoka Malindi. Mumewe ni mvuvi. Alitueleza kuwa hii ilikuwa siku ya tatu mashua i juu ya mchanga, na jikoni mna unga na chumvi tu. Hakulalamika, maana mke wa mvuvi huzoea. Lakini kabla hajakata simu alisema, "Huyo mtoto aniambia mawimbi yatakuwa mazuri. Mwambie mawimbi mazuri ni yale ambayo babake aweza kuyavuka."

Alasiri ya siku hiyo tulikuwa nyumbani kwa mwenyeji wetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Wakaao huko wanaijua saa yao. Asubuhi jua huwaka vizuri, upepo wa ziwani hupanda kwenye milima, ukakutana na upepo utokao mashariki, na ufikapo wakati wa alasiri mawingu huwa yamesimama kama minara meusi. Radi ikapiga. Kisha ikaja mvua ya mawe, ikipiga mabati kiasi ambacho hakuna aliyeweza kumsikia mwenziwe. Watoto wa nyumba wakatoka mbio na mabakuli kuyaokota mawe yale ya barafu, na mpwa wetu naye akatoka pamoja nao akicheka, kwa maana mtoto wa Malindi huyaona mawe hayo kwa nadra. Mama wa nyumba alisimama barazani na khanga yake kichwani, akiliangalia shamba. Mahindi yalikuwa yamemfika kiunoni, na katikati ya mistari alikuwa amepanda maharagwe. Ilipotulia akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alhamdulillahi. Maharagwe yamekwisha."

Mpwa wetu aliliweka bakuli chini.

Usiku, baada ya Isha, alituletea swali ambalo tumeona tuwaletee nanyi, kwani ni swali zuri na halijibiwi kwa kukemea. Alisema, "Mjomba, mimi nikitamani au nisitamani, kimbunga kitakwenda kinakokwenda. Matamanio yangu hayasukumi upepo. Basi kuna ubaya gani?"

Ni kweli. Upepo hausukumwi na matamanio ya mja. Wala si dhambi mtu kutaraji manufaa katika jambo lenye hatari ndani yake. Mkulima hutaraji mvua, na mvua ina radi. Lakini dini yetu haikutufundisha matendo ya viungo peke yake. Imetufundisha na adabu za moyo, na moyo una tabia moja: ukizoea kulitazama jambo kwa upande wa faida yako tu, mwisho macho nayo huacha kuwaona walio upande wa pili. Wazee wetu walisema, vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru hakuvianzisha vita vile. Aibu yake ni kuwa hana habari na panzi.

Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) alipoliona wingu au upepo mkali, wasiwasi ulionekana usoni mwake. Bi Aisha akamwuliza kwa nini watu hufurahi waonapo wingu, kwa kutaraji mvua, ilhali yeye huonekana hana raha. Akamjibu kuwa hana la kumhakikishia kwamba hamna adhabu ndani yake, kwani walikuwako watu, nao ni kaumu ya Adi, waliofurahi kuliona wingu likielekea mabondeni mwao wakidhani ni mvua, na lilikuwa upepo wa kuwaangamiza. Tuzingatie hapa: Mtume alilitazama wingu lilelile walilolitazama wengine. Tofauti ni kwamba yeye, mbali na kuuliza litaniletea nini, aliuliza litawafikia watu likiwa na nini.

Tena imepokewa kuwa alipokuwa katika hotuba ya Ijumaa, mtu mmoja alimwomba awaombee mvua, kwani mali ilikuwa ikiangamia kwa ukame. Akaomba, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mtu kulalamika kuwa sasa majumba yanaanguka. Mtume (SAW) hakuomba mvua ile ikatike kabisa. Aliomba ihamishwe, inyeshe pembezoni mwa mji, vilimani na mabondeni na penye miti, isiwanyeshee watu juu ya vichwa vyao. Katika wiki moja, mvua moja ilikuwa rehema kisha ikawa mzigo, na dua ikawatazama walio chini yake. Vilevile alitukataza kuutukana upepo, akatufundisha tuombe heri yake na tujikinge na shari yake. Mja haambiwi auchukie upepo wala aushangilie. Anaambiwa aombe heri.

Na hapa tutoe onyo. Asitokee mtu, awe mwanachuoni au mwanafunzi, akasema kuwa waliopigwa na kimbunga wameadhibiwa kwa makosa yao. Siri hiyo ni ya Mola peke yake. Kimbunga Kenneth kilipopita Ngazidja na kuingia Cabo Delgado mwezi wa Aprili 2019, kilipiga nchi zenye misikiti na madrasa na wacha Mungu wengi, na baadhi yetu tuna damu huko. Mtume wetu alijiogopea adhabu yeye na watu wake. Hakuitumia kuwasema wengine.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani inafaa tulijue. Msimu wa vimbunga katika bahari yetu, kusini ya ikweta, huhesabiwa tangu katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili. Pwani ya Kenya imestirika kwa sababu iko karibu mno na ikweta, mahali ambapo dhoruba hazipati mzunguko wa kutosha, na kwa sababu kisiwa kikubwa cha Bukini hukinga sehemu kubwa ya mwambao wa Afrika Mashariki. Lakini tukizitazama tarehe za vimbunga vilivyoufikia mwambao wetu, twaona karibu vyote vimekuja mwishoni mwa msimu. Kile kilichoivunja Zanzibar kilikuja tarehe 15 Aprili 1872. Kile cha Lindi kilikuja Aprili 1952. Kenneth kilikuja mwisho wa Aprili, na Hidaya mwezi wa Mei, msimu ukiwa umekwisha kwa hesabu. Wiki chache baada yake kikaja Ialy, kilichokaribia mno bahari ya Kenya. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayetamani dhoruba za mwisho wa msimu ajue kuwa anazitamani zilezile zinazoijua njia ya kuja nyumbani.

Tukio la mwaka 1872 lina somo linalotuhusu. Lilikuwa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sayyid Barghash. Kimbunga kilizamisha majahazi na merikebu bandarini, kikang'oa minazi na mikarafuu ya Unguja kwa wingi usio na mfano. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu. Mwenye shamba wa Pemba hakukosa lolote. Hakuuleta upepo, na riziki yake ilikuwa halali. Lakini kulikuwa na njia mbili za kuipokea riziki ile. Moja ni kushukuru huku ukimkumbuka ndugu yako wa ng'ambo ambaye mikarafuu yake imelala chini. Nyingine ni kushangilia bei. Mbele ya mizani ya mfanyabiashara njia hizo mbili zina uzito mmoja. Mbele ya mizani ya Kiyama hazilingani hata kidogo.

Nasi tusijitoe katika maneno haya. Nyumbani kwetu tuna tangi la maji ya mvua juu ya paa. Usiku wa mvua kubwa tuliusikia mfereji ukimimina, tukajifunika shuka tukisema alhamdulillahi, hatutanunua maji mwezi huu. Asubuhi tulipokwenda kuswali Alfajiri tuliwakuta jirani zetu wa bondeni wamekaa juu ya meza na watoto wao, magodoro yakielea. Mvua ilikuwa ileile. Tangu siku hiyo, tukiusikia mfereji usiku, tumejifunza kuuliza kwanza, je, bondeni wako salama? Tulipomsimulia mpwa wetu hayo alitabasamu, kwa sababu alitambua kuwa hatukumkemea kutoka juu ya mimbari. Tulikuwa twamwonyesha mahali ambapo sisi wenyewe tulijikwaa.

Sasa, wapenzi wasomaji, hasa akina mama ambao ndio walimu wa kwanza, tuyageuze maneno haya yawe vitendo.

Kwanza, onyo la bahari likitangazwa, litiiwe na nyumba nzima. Mtu asende ufukweni kutazama mawimbi wala kuyapiga picha kwa simu. Kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na anayejitia hatarini kwa ajili ya picha hana udhuru.

Pili, watoto wafundishwe kuogelea, na wafundishwe kuujua mkondo. Mawimbi makubwa yakimimina maji ufukweni, maji hayo hutafuta njia ya kurudi, nayo hurudi kama mto mwembamba unaomvuta mtu ndani. Aliyevutwa asipigane nao kwa kurudi moja kwa moja. Aelee, atulize pumzi, aogelee kando sambamba na ufuo mpaka atoke ndani yake, kisha ndipo arudi, na akishindwa ainue mkono kuomba msaada. Wengi waliozama walikuwa waogeleaji hodari waliochoka kwa kushindana na mkondo. Na wenye watoto wanaosoma bara, wawaase wasijikinge chini ya miti radi zinapopiga.

Tatu, bahari ikifungwa, tuzikumbuke nyumba za wavuvi. Katika siku hizo mvuvi hana mshahara wala likizo. Sahani moja ya wali ikivuka ua kwa utaratibu, bila kutangazwa, huenda ikawa ndiyo chakula cha siku. Wenye uwezo zaidi walipe deni la mvuvi dukani, kwani deni la siku tano za bahari iliyochafuka humfuata mwezi mzima.

Nne, tuwazoeshe watoto adabu ya dua. Mtoto aombe anachokipenda, ila aongeze neno moja: kisimfike mwingine kwa madhara. Neno hilo dogo hupanua kifua.

Mpwa wetu hakuuacha ubao wake, wala hatukumtaka auache. Usiku ule kabla ya kulala alimpigia babake, si kwa ajili ya habari za mawimbi, bali kumwuliza kama ameifunga mashua vizuri. Asubuhi iliyofuata akaenda na jembe kumsaidia mama wa nyumba kufukia upya mistari ya maharagwe. Na mwezi wa Julai, alipokuwa nyumbani, kusi lilimpa mawimbi yake. Kusi nalo lina taabu kwa wavuvi, lakini ni upepo wa msimu. Mvuvi hulijua, hujiandaa, na halimng'oi mtu paa usiku. Alitupigia simu kutoka Malindi akasema, "Mjomba, leo bahari ilikuwa nzuri. Na baba alirudi na samaki."

Tukasema alhamdulillahi kwa yote mawili.

Ewe Mola wetu, tunakuomba heri ya upepo huu na heri iliyomo ndani yake, na tunajikinga Kwako na shari yake. Wahifadhi walio baharini na walio mabondeni, warehemu waliochukuliwa na maji, na usizifanye furaha zetu kuwa misiba ya ndugu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.